Fundichuma Wawili

“Inchi kumi na moja,” nilirudia. “Oktoba zilikuwa nne. Unataka zifike ngapi ndipo uamini?”

“Mti si ukuta, Nzisa,” akasema Kivuva, mume wangu. “Ukuta ukiinama umekwisha. Mti unaweza kuinama na kuishi miaka mia.”

“Mti wenye mizizi. Nusu ya mizizi ya huu iko hewani, mto umekula udongo wote. Hujaiona?”

“Naiona. Niko pale kila asubuhi.”

“Uko pale unaangalia juu!”

Tiffany, binti yetu wa miaka mitano, mdogo wake Owen, aliacha kutafuna mkate akatutazama. Nikamwambia atoke akacheze, lakini asiende uwanjani.

“Sasa nichezee wapi?” akauliza.

Nikamwambia akae mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi, Januari ya mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Nino zilikuwa zimetupiga tangu Oktoba, na mto unaopita nyuma ya mtaa wetu ulikuwa umepanuka mara mbili. Mti tuliokuwa tukiugombania ni mkuyu uliosimama mwisho wa safu yetu ya nyumba za baraza la jiji, kati ya ukuta wa nyumba ya mwisho na ukingo wa mto. Nyuma yake kuna uwanja, mahali pekee ambapo watoto wa mtaa mzima wanaweza kupiga mpira. Chini ya tawi lake kubwa kanisa lilijenga darasa la chekechea la mabati. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Tiffany na wenzake ishirini na wawili wangekaa chini ya tawi lile kuanzia saa mbili hadi saa sita, kila siku.

Sikuwa nabahatisha. Nina diploma ya ujenzi, ingawa kazi niliyoipata ni ya ukarani wa stoo katika kampuni ya ujenzi. Mvua zilipoanza nilipigilia msumari kwenye shina, juu kidogo ya kichwa changu, nikaning’iniza timazi, uzi wenye kipande kizito cha chuma mwishoni. Kila Jumamosi nilipima kutoka pale uzi ulipofikia chini hadi kwenye shina. Inchi nne. Tano na nusu. Saba. Sasa kumi na moja. Mti ulikuwa unalala polepole juu ya darasa la mtoto wangu.

Na hakuna mtu aliyekubali kuugusa, kwa sababu ya kiota cha fundichuma kilichokuwa juu yake.

Fundichuma ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye kichwa kama nyundo. Si mkubwa, lakini kiota chake kinaweza kumbeba mtu mzima. Hujenga kwa vijiti, matope, matambara, mifupa, chochote anachokiokota. Kila mtu katika mtaa wetu alijua kwamba anayebomoa kiota chake hupatwa na jambo: majipu, wazimu, nyumba kuporomoka. Tulikuwa tumetoka tu kwenye uchaguzi na majirani hawakusalimiana kwa sababu ya vyama, lakini kuhusu fundichuma, Wakamba, Waluo na Wakikuyu walikubaliana kabisa.

Imani hiyo ndiyo iliyokuwa imetuokolea uwanja. Mwaka uliopita uwanja ulipata mwenyewe ghafla. Hatukumwona hata siku moja. Tuliona ua wa waya, kibao, na pikapu ya msimamizi wake, kijana anayeitwa Gachanja. Majirani waling’oa ua, na watano wakashtakiwa katika mahakama ya Makadara. Lakini ili malori ya mawe yaingie uwanjani, lazima mkuyu uondoke, maana ndio ulioziba njia. Mfanyakazi wa kwanza aliupiga shoka mara moja. Siku ya pili mguu wake ulivimba akalazwa. Ulivimba kwa sababu alikuwa na kidonda na alikanyaga maji ya mto ule, lakini ukisema hivyo nani atakusikiliza? Gachanja hakupata mwingine.

Kwa hiyo mtaa mzima ulimtegemea mume wangu. Kivuva alikuwa dereva wa watafiti wa ndege kwa miaka kumi na minne, akiwapeleka ziwani na msituni, na wao wakamfundisha. Walipompunguza kazini walimwachia darubini moja kuukuu. Tangu hapo kila asubuhi alitembea kando ya mto, kutoka nyumbani hadi chini ya Kiamaiko, kwenye machinjio ya mbuzi, ambako korongo wenye vipara hugombania matumbo ya mbuzi, kisha akarudi. Aliandika kila kitu kwenye daftari jinsi alivyozoea kuandika safari za gari: saa ya kutoka, mahali, alichokiona, saa ya kurudi. Aliporudi, watu walimuuliza swali moja tu. Wenyewe wako? Naye alijibu, wako.

“Basi tuzungumzie ndege,” nilimwambia asubuhi ile. Nilichukua daftari lake rafuni nikalifungua mezani, mbele ya kikombe chake.

“Unafanya nini na daftari langu?”

“Nasoma. Oktoba: ‘Saa kumi na mbili na robo, mkuyuni. Fundichuma wawili. Dume ana chura mdomoni. Jike ameingia na kipande cha gunia.’ Vizuri sana. Novemba, tarehe tatu: ‘Fundichuma wawili, wanaingia na kutoka bila kupumzika.’ Halafu kuanzia tarehe kumi na nne mpaka leo: ‘Fundichuma, wawili.’ ‘Fundichuma, wawili.’ ‘Fundichuma, wawili.’ Hawali. Hawaruki. Hawalii. Korongo ana nusu ukurasa, hata kunguru ana sentensi yake, lakini fundichuma ana neno moja tu.”

“Nilichoka kuandika.”

“Baba Owen, mimi ni karani wa stoo. Nawajua watu wanaotia sahihi saruji ambayo hawajaihesabu. Huandika hivi hivi, kwa mkono mmoja, kalamu moja, wiki nzima kwa mkupuo. Ndege wako wapi?”

Alivua darubini shingoni akaiweka chini. Hapo nikajua.

“Walikufa,” akasema.

“Lini?”

“Unakumbuka siku ile mto ulikuja na povu la kijani? Vyura ndio walioanza kuelea. Fundichuma hula vyura. Jike nilimkuta kwenye matope, dume kesho yake. Niliwatia kwenye mfuko wa saruji nikawazika.”

“Na miezi miwili unaudanganya mtaa mzima.”

“Nawalindia uwanja! Kesi ni Machi. Gachanja akijua kiota ni kitupu, wafanyakazi wake wataanza kujiuliza kama bado kuna cha kuogopa. Nzisa, viota hivi havikai bure. Bundi huingia, bata huingia. Nasubiri mwingine aingie, basi. Nikipata hata bundi, sitakuwa nimedanganya mtu.”

“Na mti ukianguka Jumatano saa tatu?”

“Hautaanguka.”

“Kama hautaanguka, kwa nini wiki iliyopita ulimwambia Tiffany akae dawati la karibu na mlango?”

Akasukuma kikombe chake kando. Nilijua kwa sababu mtoto alikuwa ameniambia. Nilichukua futi yangu na timazi, nikamwambia avae viatu.

Uwanja ulikuwa tope tupu. Adoyo alikuwa ameketi juu ya ndoo chini ya mkuyu, akikaanga mandazi. Yeye ni mmoja wa wale watano wa Makadara, na tangu ashtakiwe alihamishia jiko lake pale ili awe mlinzi. Kando ya barabara ilisimama pikapu, na Gachanja ameegemea mlango wake, akila mandazi ya Adoyo. Alinunua kila Jumamosi. Hawakuwa na uhasama wa mdomoni.

“Baba Owen!” Adoyo aliita kwa sauti ili Gachanja asikie. “Wenyewe wako?”

Kivuva alinitazama. Kisha akamtazama Adoyo. “Wako,” akasema.

“Umesikia, Gachanja? Mawakili wetu wako ofisini. Hawaombi hata pesa ya soda.”

“Mathe, mimi sina haraka,” Gachanja akasema; kwake kila mama alikuwa mathe. “Mnalipwa na ndege, mimi nalipwa na tajiri. Tutaona nani atachoka.”

“Hatuchoki. Tena wanazaana!” Adoyo alinigeukia akicheka. “Mama Owen, Novemba niliwasikia humo ndani wakipiga kelele siku nne mfululizo. Piii, piii, asubuhi mpaka jioni. Nikasema, aisee, familia inakua, kesi tumeshinda.”

Nilimwangalia Kivuva. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Niliinama nikapima. Inchi kumi na moja na robo. Asubuhi hiyo hiyo zilikuwa kumi na moja kamili, na tayari ilikuwa robo zaidi. Nilizunguka upande wa mto. Udongo ulikuwa na ufa, na ufa ule ulikuwa mpya, kingo zake bado kali. Nilitia mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Nilimwita Kivuva auone. Alichungulia, akapiga magoti, akatia mkono wake pia. Alipoutoa hakusema tena habari ya miaka mia.

“Waambie,” nilimnong’oneza. “Waambie kiota ni kitupu. Watasikia kutoka kwako. Kutoka kwangu watasema ni diploma inaongea.”

“Nikiwaambia, Gachanja yuko pale.”

“Najua yuko pale.”

“Adoyo ana kesi, Nzisa. Watu watano wana kesi. Nitawaambia nini?”

“Kwamba Jumatatu kuna watoto ishirini na watatu hapa.”

Mume wangu si mtu mbaya. Alikuwa tu amezoea kungoja. Ndiyo kazi yake, kukaa kimya kwenye nyasi mpaka kitu kitokee. Mimi sikuwa na muda huo. Nikaenda kwa Thuo.

Thuo ni fundi seremala, karakana yake iko nyuma ya kanisa. Ana msumeno wa watu wawili, kamba na ngazi. Aliwahi kukata miti ya barabarani. Nilimkuta akipiga randa mlango, nikamweleza yote, hata habari ya mfuko wa saruji.

“Lo,” akasema. “Kwa hiyo Kivuva ametuchezea.”

“Utamshtaki baadaye. Njoo ukate tawi la juu ya darasa leo, na mti kesho. Kuanzia juu kwenda chini, kwa kamba. Unajua kazi hiyo.”

“Kazi naijua. Kiota kiko wapi?”

“Kwenye tawi hilo hilo.”

Akarudi kwenye randa yake. “Mama Owen, mimi nina watoto.”

“Hata mimi nina watoto. Ndiyo sababu niko hapa.”

“Kiwe kitupu, kisiwe kitupu, mimi sikigusi. Babu yangu alivunja kimoja, na alizikwa bila macho.” Alipuliza takataka za randa. “Sikiliza. Tawi likiwa safi, hakuna kiota, mimi nitakata. Mti ni mbao. Lakini kiota akitoe mwingine.”

“Nani?”

“Wewe unayesema hakuna kitu. Si una diploma?”

Alisema kwa kunidhihaki. Mimi nilisikia bei, na ilikuwa bei niliyoweza kulipa.

“Nipe ngazi,” nikasema. “Na mtaimbo. Wewe beba msumeno unifuate.”

Tulipofika uwanjani watu walikuwa wameongezeka. Annah, mwalimu wa chekechea, alikuwa anafagia maji darasani; nikamwambia atoke nje na asiingie tena. Nikaegemeza ngazi kwenye shina. Adoyo akainuka kwenye ndoo yake.

“Mama Owen, unakwenda wapi?”

“Juu.”

“Kufanya nini?”

Nilimpa Kivuva nafasi ya mwisho. Alisimama pale amelishika daftari kwa mikono miwili, na watu wote wakimtazama. Basi nikasema mwenyewe, kwa sauti ambayo hata Gachanja alisikia.

“Hakuna ndege humu. Walikufa Novemba. Mti unaanguka juu ya watoto wetu na mimi nakitoa kiota.”

“Mwongo!” Adoyo akasema. “Baba Owen, si umesema wako? Sasa hivi umesema wako!”

Kivuva akainamisha kichwa. Adoyo akafahamu, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo sitaki kuiona tena. Alinishika sketi.

“Usiguse. Mama Owen, nakuomba. Wakinifunga Machi, nitakuwa nimefungwa kwa ajili ya huu uwanja. Ngoja mpaka Machi tu.”

“Mti hautangoja Machi. Niachie nguo.”

“Umetuuza! Mke na mume, mmetuuza!”

Nikapanda. Sitasema sikuogopa. Mimi nililelewa kijijini Kangundo na mama yangu hakuturuhusu hata kumnyooshea kidole ndege huyo. Nilipofika kwenye panda, kiota kilikuwa kikubwa kuliko nilivyodhani, kama pipa la maji lililolazwa, na kilinuka mto. Niliona kamba ya kiatu ndani ya ukuta wake, mbavu ya mbuzi, kipande cha bango la uchaguzi, na soksi ya njano ya Tiffany niliyomchapia kwa kuipoteza. Nikachomeka mtaimbo chini yake, nikasukuma kwa bega. Mara ya kwanza hakikusogea. Mara ya pili vijiti vilianza kukatika. Mara ya tatu kikaachia upande mmoja, kikaning’inia, kisha kikaanguka chote kwa kishindo, kikapasukia kwenye tope.

Watu waliruka nyuma.

Nilipotelemka nilikuta Kivuva amepiga magoti. Katikati ya vijiti kulikuwa na makinda watatu. Walikuwa wamekauka, wepesi kama majani, midomo imebaki wazi.

Adoyo alisogea akawaangalia. “Zile kelele,” akasema. “Siku nne. Kumbe ilikuwa njaa.” Akamgeukia Kivuva. “Wewe uliwasikia?”

“Niliwasikia.”

“Na hukupanda?”

“Ningepanda ungeniona. Mtaa wote ungejua.” Alikuwa anaongea chini kwa chini, kama anasoma. “Nilifikiri, wakinyamaza itakuwa rahisi.”

Adoyo alichukua jiko lake likiwa bado na moto, akamwaga mafuta kwenye tope, akaondoka. Mpaka leo hanisalimii, na simlaumu.

Gachanja alikuwa amekwisha vuka barabara. Alikiangalia kiota kilichopasuka, akanipigia saluti ya mzaha.

“Mathe, umenifanyia kazi ya miezi mitano. Hebu nikusaidie na mimi. Tuna msumeno wa mota stoo. Saa moja tu, mti uko chini.”

Ni kweli ungekuwa chini kwa saa moja. Nilitazama mawingu, yalikuwa yanajikusanya upande wa vilima vya Ngong. Nilimtazama Thuo na msumeno wake wa siku mbili. Nikafikiri kama ninavyofikiri kazini: nini kinahitajika, kipo wapi, nani ataweka sahihi. Mti ukikatwa na msumeno wa tajiri, utakuwa umekatwa na tajiri, na mahakama itaambiwa wakazi walikubali.

“Bado kuna kesi,” nilimwambia. “Toka uwanjani.”

“Sawa. Jumatatu nitakuja na lori, njia itakuwa wazi.”

“Jumatatu ni Jumatatu. Leo toka.”

Akarudi kwenye pikapu yake akipiga mluzi. Hakuwa na sababu ya kubishana.

Thuo alifunga kamba kwenye tawi, akapanda na kuketi kwenye panda lililo wazi, akateremsha ncha moja ya msumeno. “Nani anashika upande wa pili?” akauliza. Vijana walikuwepo kumi na zaidi. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kuangalia mahali pengine. Wakati huo Kivuva alikuwa amevua shati lake, amewafunga wale makinda ndani yake, na ameliweka daftari juu yake.

Nilikaza leso kiunoni, nikapanda ngazi tena, nikashika mpini.

“Vuta,” nikamwambia Thuo.

Akavuta.